Dakika Kumi na Moja za Maganzo

Siku ya Alhamisi, saa nne kasoro robo asubuhi, Dorah alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni kwake Maganzo, anakaza waya wa chekeche la mchimbaji mmoja wa almasi aliyesema atalipitia kabla ya mchana. Koleo ilikuwa mkononi, misumari midogo ilikuwa mdomoni. Mtoto wake wa kike, wa wiki tatu na siku moja, alikuwa amelala kwenye beseni lililotandikwa kanga mbili. Mtoto akaamka, akakunja uso, akalia. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya gitaa la umeme.

Dorah alitema misumari kiganjani kwanza, maana mtu habembelezi mtoto akiwa na misumari mdomoni. Kisha akamnyanyua, akampapasa tumbo, akaangalia nepi. Nepi ilikuwa kavu. Mtoto akaendelea: noti moja ndefu ikapanda, ikatetemeka huko juu, halafu ikashuka kwa kukwaruza kama lori linaloteremka kwa gia.

Jirani yake Mwamvua, muuza vitumbua, akachungulia juu ya ua wa minyaa.

"Mama mtoto, hiyo ni njaa au ni tumbo?"

"Ni gitaa," Dorah akasema.

"Gitaa nalisikia. Nauliza anataka nini."

Dorah hakujua anataka nini. Alimpa ziwa. Mtoto akanyonya mara nne, akaachia, akarudi kwenye ile noti ya juu.

Kufikia wiki iliyofuata mtaa ulikuwa umeshazoea. Umeme ukiwapo, mtoto alilia gitaa la umeme. Umeme ukikatika, alilia gitaa kavu, taratibu, kama mtu anayepiga peke yake barazani. Fundi wa kuchomelea vyuma aliacha kabisa kuangalia taa yake. Akisikia tu mtoto amegeuka gitaa kavu, alivua miwani akaenda kunywa chai. Mumewe Dorah, Adam, alikuwa akifanya kazi ya kupakia makontena bandari kavu ya Isaka na alirudi nyumbani Jumapili kwa Jumapili. Alipopiga simu kuulizia hali, wenzake walimwomba aweke spika ya nje, wakamaliza kupakia lori zima bila kugombana.

Na kwa kuwa mtoto hakuwa amepewa jina bado, watu walimwita Dorah Mama Gitaa. Hakuchukia. Alikuwa msichana wa kucheka upesi, wa kujipa moyo, aliyeacha shule darasa la saba na sasa alikuwa akisoma masomo ya jioni kanisani, pamoja na akina mama wengine kumi na watatu na mchungaji mmoja wa ng'ombe. Alikaa dawati la nyuma karibu na mlango. Mwalimu alimruhusu aje na mtoto kwa sharti kwamba siku ya hesabu akae nje ya dirisha.

Kilichomnyima Dorah usingizi kilikuwa kadi ya kliniki. Juu ya kadi paliandikwa "Mtoto wa Dorah", na ndani kulikuwa na mstari wa uzito, nao ulikuwa unashuka. Mwezi wa kwanza ulikuwa umepanda vizuri. Wiki ya sita ulilala. Wiki ya saba ukaelekea chini kama mtu aliyekata tamaa.

Nesi alimpima mtoto mara mbili ili awe na hakika. Akaandika: analia sana, gitaa.

"Solo au rithimu?" akauliza.

"Solo."

"Mama, huyu analia saa nyingi kuliko anavyonyonya. Maziwa unayo, afya anayo, ila hana nafasi ya kula. Ukoo wa mumeo ni wa huku huku?"

"Ni wa hapa Maganzo."

"Na majina ameitiwa?"

"Bado. Babu amekuwa na shughuli."

Nesi akaweka kalamu chini. "Mimi kazi yangu ni mizani. Mizani inasema hana muda mrefu. Mwambieni huyo babu aache shughuli."

Huyo babu aliishi nyumba tatu kutoka kwa Dorah, na Maganzo nzima ilimjua. Ni Mzee Jilala, babu yake Adam, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo baada ya wengine wote kuondoka. Ila hakujulikana kwa ukubwa wa ukoo. Alijulikana kwa dakika kumi na moja.

Kila Jumamosi saa kumi jioni, mtangazaji wa redio moja ya Kahama aitwaye Chacha alikuwa na kipindi cha siku kubwa za muziki wa roki. Alisimulia mambo ya ng'ambo ya miaka ile, na watu wa Maganzo waliyajadili kama habari za mtaa wa pili. Aliposimulia jinsi watu karibu nusu milioni walivyokaa siku tatu kwenye matope ya shamba la ng'ombe wa maziwa huko Amerika wakisikiliza magitaa, wazee walitaka kujua ng'ombe walipelekwa wapi siku hizo, na nyasi nani alizifidia. Aliposimulia kijana aliyechoma gitaa lake jukwaani, Mwamvua alisema angempa asiye nalo. Aliposimulia vijana wanne waliopiga muziki juu ya paa la ofisi yao London mpaka polisi wakaja, fundi wa kuchomelea aliuliza bati lilikuwa geji ngapi.

Kisha, mwisho wa kipindi, Chacha alishusha sauti kidogo: "Na yetu sisi, wasikilizaji, ni Maganzo, mwaka elfu moja mia tisa sabini na sita."

Habari yenyewe kila mtoto aliijua. Wachimbaji sita walikuwa na bendi yao, Radi Jazi, na kinyume na jina lake ilipiga roki, roki nzito ya santuri za wazungu, kwa nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Jumamosi moja mchana walipiga kwenye ukumbi wa Maganzo. Dakika ya nne ya wimbo wa mwisho jenereta ikaishiwa petroli. Besi ikafa, rithimu ikafa, kipaza sauti kikafa. Solo haikufa. Gitaa la Jilala, kijana wa miaka kumi na tisa, liliendelea kulia dakika kumi na moja bila umeme, kwa sauti ile ile kubwa, na mpiga ngoma akimfuata nyuma, mpaka wimbo ukaisha wenyewe. Hakuna aliyerekodi. Baada ya siku ile Jilala hakugusa gitaa tena. Akiulizwa sababu, alisema kidole kilishamaliza kazi yake.

Wazee wachache waliokuwepo ukumbini siku ile walimsikiliza mtoto wa Dorah, wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Ndiyo ile ile ya sabini na sita," wakasema. "Amemrithi babu yake."

Mzee Jilala mwenyewe alikuwa amekuja kumwona mtoto mara moja tu. Alisikiliza kama nusu dakika, akavaa kofia yake, akaondoka bila kumaliza chai.

Sasa Dorah alimfuata na kadi ya kliniki mkononi, akampigia goti. "Shikamoo babu."

"Marahaba, mayu," mzee akaitikia, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mtoto anapungua. Nesi amesema aitiwe majina."

Mzee aliangalia ule mstari unaoshuka. Hakuwa mtu mbaya. Akasema kesho alfajiri.

Kuita majina ni kazi ya mkubwa wa ukoo peke yake. Mtoto akilia bila sababu, huenda kuna mtu wa ukoo aliyetangulia anayetaka kuitwa kupitia kwake, na lazima atafutwe. Alfajiri ile Mzee Jilala alikaa uani na kibuyu cha maji. Dorah alikaa mkabala naye, mtoto mapajani, na daftari lake la masomo ya jioni limefunguliwa kurasa za nyuma, alikokuwa ameandika wafu wote wa ukoo wa mumewe, kumi na sita, kwa mwandiko mzuri. Mzee alichovya vidole, akanyunyiza, akasema: "Kama ni wewe Minza, nyamaza." Mtoto akaendelea na solo. "Kama ni wewe Kabula, nyamaza." Hakunyamaza. Dorah alikuwa akiweka alama ya mkasi kwa kila jina. Holo, Shija, Limbu, Nyanzobe. Jua likapanda. Mtoto aliyapita majina kumi na matano bila kukosea noti.

Mzee akaweka kibuyu chini.

"Bado moja, babu," Dorah akasema, kalamu ikiwa kwenye mstari wa mwisho. "Bibi Mageni. Dada yako."

"Mageni aliolewa upande wa Geita. Alitolewa ng'ombe. Jina lake ni la kule."

"Lakini alifariki mwaka juzi tu. Si ndiye wa karibu zaidi?"

"Kesho kutwa Jumamosi nina shughuli, mayu," mzee akasema, akainuka.

Shughuli yenyewe haikuwa siri. Mwaka huo zile dakika kumi na moja zilitimiza miaka hamsini. Chacha alikuwa akija kutangaza moja kwa moja kutoka ukumbini, mgeni rasmi alikuwa anakuja na gari mbili, na ukutani kulikuwa kumeshajengewa kibao cha simenti, kimefunikwa kitambaa cha bluu.

Siku ya Ijumaa mchana, Dorah akiwa anasuka waya na mtoto akiwa analia, mama mmoja mnene alisimama nje ya minyaa, kuku kwapani, mfuko wa karanga begani.

"Hodi. Mama yumo humu?"

"Karibu. Mama nani?"

"Mama yangu. Nimemsikia tangu nashuka kwenye basi."

Alikuwa Eunice, binti wa marehemu Mageni, ametoka Geita kuja kuona mtoto kama ilivyo desturi. Alimkabidhi Dorah kuku, akanawa mikono, akampakata mtoto, akasikiliza kwa macho yaliyofumba mpaka solo ikarudi mwanzo.

"Hapa kati aliwahi kukata uzi," akasema. "Umesikia? Anaruka juu halafu anarudi kwa uzi mwingine. Mama alikuwa anaimba hivyo hivyo kwa pua akitwanga."

Dorah akamwekea chai. Eunice akasimulia huku akipuliza kikombe.

Mama yake, kabla ya kuolewa, alikuwa akipiga pasi kwenye nyumba ya injinia mmoja Mzungu aliyekuwa na santuri za roki kabati zima. Miaka mitatu alipiga pasi na kusikiliza. Jioni alirudi nyumbani akapiga alichosikia, kwenye gitaa la mdogo wake, na mdogo wake Jilala akajifunza kwake. Jilala alikuwa mzuri. Mageni alikuwa kitu kingine. Asubuhi ya siku ya ukumbi, jiwe likamwangukia Jilala shimoni likamponda kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Na siku hiyo hiyo wajumbe wa posa ya Mageni walikuwa wameshafika kutoka Geita, na baba mtu alikuwa ameshawakalisha mstari wa mbele ukumbini wapumzike na muziki.

"Binti anayeposwa angepandaje jukwaani mbele ya wakwe?" Eunice akasema. "Wakamweka nyuma ya pazia na gitaa. Mjomba akasimama mbele na gitaa lingine ambalo halikuchomekwa popote, kidole amekificha. Jenereta ikazima, mama hakuona, kule nyuma kulikuwa giza tangu mwanzo. Akaendelea."

"Na wajumbe?"

"Wakasema ukoo wenye kijana kama yule una damu safi. Wakaongeza ng'ombe wawili." Eunice akacheka mpaka kuku akashtuka. "Mama alikuwa akisema yeye ni mwanamke pekee aliyejipandishia mahari bila kuonekana."

"Hakupiga tena?"

"Apige na nini? Alipewa jembe. Lakini tulipomwosha, ncha za vidole vya mkono wa kushoto zilikuwa ngumu kama kwato. Akina mama wa kanisani wakasema ni jembe. Jembe gani linashika ncha za vidole."

Mtoto alilia mapajani kwake. Alikuwa mwepesi, Eunice aliuona wepesi huo na kicheko kikamkauka. Dorah akamchukua mtoto, akamsogelea sikioni, akasema, "Mageni."

Mtoto akanyamaza. Alinyamaza kwa pumzi moja, akamtazama mama yake kwa adabu, kama mtu aliyefunguliwa mlango na mtoto wa nyumbani huku akimsubiri mwenye nyumba. Kisha akaendelea.

"Ni yeye," Eunice akasema. "Ila si kwa mdomo wako, mwanangu. Wewe umeolewa huku, mimi nimeolewa kule. Ni mpaka Mjomba."

Walimkuta Mzee Jilala anapaka kiwi viatu vya kesho. Eunice alipiga goti, akaamkia. Mzee alimwona amesimama pamoja na Dorah na mtoto akilia katikati yao, akaweka brashi ndani ya kiatu.

"Nikilitaja akanyamaza," akasema, "watu watauliza kwa nini jina hilo."

"Waulize, babu," Dorah akasema.

"Nimekuwa yule mtu miaka hamsini, mayu. Nimeoa nikiwa yule mtu. Sijui kuwa mwingine."

"Mimi sikuombi uwe mwingine. Naomba mtoto wangu anyonye."

Mzee aliendelea kupaka kiwi kiatu kimoja kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Hatimaye alitoa shauri, naye alilitoa kwa uso wa mtu anayemsaidia mwenzake. Chacha alitaka siku ile iigizwe kama ilivyokuwa: wimbo uanze, dakika ya nne jenereta izimwe, yeye Jilala apige. Na yeye hawezi. Basi Dorah asimame nyuma ya pazia na mtoto. Mtoto alie kama anavyolia siku zote, yeye asimame mbele. Watu wakishaondoka atamwita jina hapo hapo ukumbini.

"Mjomba," Eunice akasema taratibu, "pazia tena?"

"Ni lingine. La zamani lililiwa na mchwa."

Dorah alimtazama mtoto. Mstari wa kadi aliuona hata bila kuifungua. Akakubali.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwamvua alikuja na ndoo mbili za vitumbua, fundi alikuja na familia yake akakagua bati za paa kabla ya kukaa. Mgeni rasmi alikaa kwenye kochi. Vijana wa bendi ya harusi kutoka Kahama walikuwa wamejifunza kupiga kama Radi Jazi. Mzee Jilala, viatu vikimeta, alipewa gitaa jekundu, naye alilishika vizuri sana. Kulishika ndiyo kazi aliyoijua. Chacha akasema kwenye kipaza sauti kwamba wasikilizaji wa Shinyanga, Kahama na Geita wakae chini.

Nyuma ya pazia kulikuwa na giza na harufu ya popo. Dorah alisimama na mtoto kifuani, Eunice pembeni yake. Mtoto alikuwa amelia tangu asubuhi. Bendi ikaanza. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dakika ya nne jenereta ikazimwa. Besi ikafa, rithimu ikafa, kipaza sauti kikafa.

Na mtoto akanyamaza.

Mzee Jilala alianza kupeleka vidole juu ya nyuzi. Hakukutoka kitu. Mpiga ngoma akaendelea kidogo, akamtazama, akapunguza, akaacha. Ukumbini mtu mmoja akakohoa. Mwamvua alifunika ndoo yake.

Mzee akarudi nyuma hatua mbili, mgongo ukagusa pazia.

"Mama Gitaa," akanong'ona. "Mfinye kidogo."

"Simfinyi mtoto, babu."

"Watu wanangoja."

"Naye anangoja," Dorah akasema. "Taja jina."

Gari la mizigo lilipita barabarani kuelekea Mwanza, likabadilisha gia, likapotea. Halafu Dorah aliona pazia likisogea, na uso wa mzee ukaingia upande mmoja, jasho puani, kofia imepinda. Alimtazama mtoto. Mtoto alimtazama.

"Mageni," akasema. Na kwa kuwa yeye alikuwa mdogo mtu, akaongeza: "Shikamoo, dada."

Mtoto hakulia. Alicheka, kicheko chake cha kwanza, akageuza kichwa akaangalia pale pembeni ya pazia palipokuwa na mwanga. Alitazama pale tu, kama mtu aliyemaliza kusema.

Dorah alikuwa ameahidi kusimama nyuma ya pazia. Alitengeneza kanga yake vizuri, akalisukuma pazia, akatoka mbele na mtoto mikononi.

Hapo mtoto akafungua kinywa. Jenereta ilikuwa imezimwa na mji mzima siku hiyo haukuwa na umeme, lakini safari hii halikutoka gitaa kavu. Lilitoka lile kubwa, la kukwaruza, la kupanda na kutetemeka, likajaa ukumbi mpaka vumbi la dari likashuka kwenye mabega ya mgeni rasmi. Mpiga ngoma akashtuka akalifuata. Mtoto alikuwa akipiga huku anatabasamu, na watu walisikia tofauti, maana mwezi mzima walikuwa wamesikia akililia kitu na sasa alikuwa nacho. Dakika ya tisa alifika pale palipokatika uzi, akaruka juu, akarudi kwa uzi mwingine, na wale wazee waliokuwepo sabini na sita wakainuka vitini. Eunice, nyuma ya pazia lililo wazi nusu, alikuwa akitwanga hewani bila mchi. Mzee Jilala alisimama pembeni na gitaa jekundu limening'inia, mikono imeshuka. Dakika ya kumi na moja wimbo ukaisha wenyewe.

"Wabeja! Wabeja sana!" watu wakashangilia, wakishukuru kwa Kisukuma.

"Leo kapiga vizuri," Mwamvua akamwambia fundi. "Lazima kashiba."

Kila mtu alikuwa ameona sauti ilikotoka. Chacha aliiona, na umeme wa jenereta uliporudi aliwaeleza wasikilizaji bila kuficha: aliyepiga ni mtoto wa kike wa miezi miwili, mikononi mwa mama yake, na leo amepewa jina la Mageni, dada wa Mzee Jilala. Kisha mgeni rasmi akapanda jukwaani akijipangusa vumbi. Akasema amefurahi sana, kwamba damu haipotei, na kwamba mtoto huyu ni ushahidi hai wa kipaji cha babu yake. Watu wakapiga makofi. Eunice akasema kwa sauti, "Ni cha mama yangu," na mama aliyekaa karibu naye akamwambia ndiyo, ndiyo, kipaji ni cha ukoo. Wakatoka nje, kitambaa cha bluu kikavutwa, na kibao kikasomeka: HAPA, MWAKA 1976, NDUGU JILALA ALIPIGA SOLO DAKIKA KUMI NA MOJA BILA UMEME. Mzee alipigwa picha mbele yake, kisha picha nyingine akiwa amempakata mtoto, ambaye wakati huo alikuwa ananyonya kidole cha shahada cha babu yake, kile kilichopinda.

Jumatatu mstari wa kadi ulilala. Wiki iliyofuata ulinyanyua kichwa. Nesi alifuta "Mtoto wa Dorah" akaandika Mageni Adam, akauliza analia vipi siku hizi.

"Kama watoto," Dorah akasema. "Ila akiwa na mafua anakwaruza kidogo."

Mtaa ukamwita Mama Mageni. Fundi akaanza tena kuangalia taa yake. Dorah akahamishwa kutoka dawati la nyuma, akawa anafanya hesabu pamoja na wenzake. Katika daftari la historia, mwalimu alipowataka waandike tukio moja muhimu la mkoa wao, aliandika kurasa nne, akataja jina, mwaka, pazia na waya wa breki. Alipata tisa kwa kumi. Mwalimu alikata moja na kuandika pembeni kwamba taarifa hii hailingani na kibao.

Mzee Jilala alianza kuja kila asubuhi kabla ya kwenda popote. Anavua kofia mlangoni, anapita moja kwa moja mpaka kwenye beseni, anainama. "Shikamoo, dada." Mtoto anamjibu kwa noti moja nzito, ya chini, ya besi, na mzee anakaa. Anamletea vitu: njuga, kipande cha waya wa breki kilichosafishwa na kukunjwa ncha zisimchome. Hajapata kukosa siku.

Siku moja Dorah, akikaza chekeche, alimuuliza bila kuinua macho.

"Na kile kibao, babu?"

Mzee aliisogeza njuga pembeni ya beseni.

"Ni cha simenti, mayu," akasema.

Jumamosi hiyo alikuwa bado yupo ilipofika saa kumi. Redio ndogo ya Dorah ilikuwa juu ya kinu, Chacha akiwa amemaliza habari za ng'ambo, akashusha sauti kidogo kama kawaida yake. "Na yetu sisi, wasikilizaji, ni Maganzo, elfu moja mia tisa sabini na sita. Kijana mmoja aitwaye Jilala." Dorah aliacha koleo, akamtazama mzee. Mzee aliinuka, akaiendea redio kwa kunyata, akaipunguza sauti, kwa sababu dada yake alikuwa amelala.